Neno Lililomezwa na Wufa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huwa najilazimisha kuinuka nifanye kazi, nioshe hata sufuria iliyo safi, kwa sababu nikikaa nayo hunimaliza. Leo nitakaa nayo kwa ajili yako. Wewe u kijana, unasikia jambo asubuhi na adhuhuri umeshalitolea hukumu, na mimi sitaki uingie katika shimo tuliloingia sisi. Tulia hapo, hiyo simu iweke kifudifudi, uniache niseme kwa mwendo wangu.

Wakati huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, bado sijaolewa, nimemaliza kozi ya kompyuta katika chuo kidogo kule Tononoka. Nyumba ni hii hii yetu ya Kibokoni. Waliokuwamo ni Baba, Bibi ambaye ni mamake Baba, na mimi. Mama alifariki tukiwa wadogo. Dada yangu Nuru alikuwa ameolewa Maskati, kwa watu walio jamaa wa mbali wa upande wa Baba, na ilikuwa imeshapita miaka bila ya yeye kuja kututazama. Kila akitajwa, Bibi huvuta pumzi na kugeukia dirishani.

Mimi nilipelekwa skuli ya bweni, nikarudi na Kiswahili cha vitabuni. Nuru alibaki jikoni na Bibi, akauchukua ulimi wa Bibi mzima mzima. Pale mimi niliposema macho, yeye alisema mato. Nchi kwake ilikuwa nti, na kucheka kulikuwa kuteka. Wenzake walimtania kwamba anaongea kama ajuza, naye huteka zake na kuendelea. Hakujua kuona haya kwa jambo hilo, na Bibi alikuwa akimpenda kwa hilo kuliko alivyonipenda mimi. Nalisema bila wivu, nilishazoea.

Sasa kompyuta. Baba aliipata kutoka ofisi moja ya mizigo iliyokuwa ikibadilisha vyombo vyake, kwa hiyo ilitufikia ikiwa kuukuu tayari. Rangi yake ya maziwa ilikuwa imegeuka manjano, na skrini yake ilikuwa ya zile zenye kisogo kinachokula nusu ya meza. Pamoja nayo zilikuja spika zake, aina ambayo nyinyi leo mnaicheka. Chini ya meza linakaa wufa, sanduku la mbao lenye sauti nzito ile inayotikisa vikombe kabatini. Juu ya meza, kushoto na kulia, zinakaa spika mbili ndogo zisizozidi ukubwa wa mkate wa bofulo. Waya mmoja unatoka kwenye kompyuta na kuingia kwenye wufa, kisha nyaya mbili zinatoka kwenye wufa na kwenda kwa zile ndogo. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Hudhani wufa ndilo sauti yenyewe, kwa sababu ndilo linalosikika hadi kwa jirani. Wufa ni kishindo tu. Maneno yako katika zile spika ndogo.

Kabla ya Ramadhani ya mwaka ule tulipaka nyumba chokaa. Meza ikasogezwa, nyaya zikaachwa sakafuni, zikalala katika maji ya chokaa siku zote za kazi. Tulipovirudisha vitu mahali pake, kompyuta ikawa inanguruma tu. Ukiweka kisomo, wasikia mvumo na huisikii aya. Baba akarudi kwenye redio yake, akaniambia, "Rukia, siku ukipata nafasi uitazame hiyo." Mimi nafasi sikuitafuta. Nani alijua kwamba kuna siku tutaihitaji sauti ile kama mgonjwa anavyohitaji dawa?

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi. Nilifungua barua pepe nikakuta sauti imetumwa kutoka Maskati, si na Nuru mwenyewe bali na mwanamke mmoja jirani yake, Mzanzibari, ambaye tulikuwa tukimjua kwa salamu tu. Nuru hakuwa na simu yake. Simu ya nyumba ilikuwa ya mumewe, na kila tulipopiga ni mumewe aliyepokea, akatuambia Nuru hajambo, amelala, ametoka kwenda sokoni, anaoga. Kwa hiyo nilipoona kwamba Nuru amekwenda kwa jirani na kurekodi sauti kwenye kompyuta ya watu, nilijua hizi si salamu tu. Nilimwita Baba. Akaja na kikombe chake cha kahawa mkononi, akakaa.

Nikabonyeza. Meza ikatetemeka. Ilikuwa sauti ya mwanamke, hilo lilijulikana, lakini ilikuwa kama mtu anayezungumza ndani ya tangi la maji. Inapanda, inashuka, inakatika. Nikairudisha mwanzo. Mara ya pili tulisikia "Baba". Mara ya tatu, pale aliposogea karibu zaidi na kifaa, tulisikia "kwa huyu bwana", kisha "nimetoka". Baada ya hapo maneno yalikuwa mengi, na yote ni mvumo.

Baba alikiweka kikombe chini. "Amesema ametoka kwa mumewe."

"Amesema nimetoka, Baba," nikamwambia, "lakini mbele yake na nyuma yake hatujasikia kitu."

"Mbele na nyuma ni salamu na kilio. Neno lenyewe ni hilo. Mtoto wa kike ametoka nyumbani kwake katika nti ya watu, na hatujui amelala wapi."

Mwanangu, usije ukamchukia babu yako. Alikuwa mtu mpole. Ila alikuwa na hofu mbili zilizomkaa kooni, hofu ya mtoto wake kudhurika na hofu ya jina lake kutajwa vibarazani, na mtu mwenye hofu mbili hawezi kungoja. Nilimwomba anipe muda. Nikajipinda chini ya meza nikaanza kazi niliyofundishwa, yaani kutafuta kosa liko wapi kwa kukiondoa kitu kimoja kimoja katika tuhuma.

Nilitazama kwanza kwenye kompyuta yenyewe, kwamba sauti haijafungwa na haijashushwa. Haikuwa. Nikatazama plagi nyuma ya sanduku, kwamba iko katika tundu lake la kijani na imeingia hadi mwisho. Ilikuwa imeingia. Nikafuta ile programu inayoendesha sauti, nikaipakia upya kutoka kwenye diski, nikaizima mashine na kuiwasha, na mashine ile kuwaka ilikuwa ni safari. Baba alikuwa akitembea sebuleni, huku na huku, anahesabu tasbihi bila kuisoma. Sauti ikarudi vile vile. Nikachukua redio yake, nikachomoa waya wa wufa kwenye kompyuta nikauchomeka kwenye redio. Msomaji wa habari naye akageuka mvumo. Hapo nikajua kompyuta haina kosa. Kosa liko mbele ya kompyuta, katika wufa au katika zile spika ndogo. Nikazikagua nyaya zake, na kwa nje zilikuwa nzima, zimebanwa vizuri mahali pake.

"Baba," nikasema, "niache niende saiba pale barabara kuu, kwenye kompyuta za kukodi, niifungue kule. Dakika chache tu tutaisikia."

Akasimama. "Maneno ya binti yangu yakasikizwe na watu wa barabarani? Rukia, una akili?"

Ndivyo tulivyo sisi watu wa hapa, mwanangu. Tutakufa na ya kwetu vifuani kuliko kuyatoa nje. Sitara ni jambo jema, nami nimekulea nayo, lakini siku ile ilitufunga mikono.

Nikasema, "Basi tumwite Bibi asikilize. Masikio yake mazuri, na maneno ya Nuru yeye ndiye ayajuaye."

"Usimtie mtu mzima presha. Akisikia mjukuu wake ametoka, ataanguka hapa hapa." Na Bibi kweli alikuwa na presha. Alikuwa chumba cha pili, mlango umerudishwa, anasoma uradi wake, hajui lolote.

Ikabaki njia moja. Nikimpata mtu mwenye hedfoni, nitazichomeka kwenye lile tundu la kijani, nilipite wufa kabisa, na sauti itakuja safi sikioni bila ya mtu wa nje kusikia. Kwetu hazikuwapo. Lakini yuko rafiki yangu tuliyesoma naye kozi, anakaa Tononoka, alikuwa nazo. Nilimwambia Baba, "Nakwenda kuazima hedfoni. Usifanye lolote hadi nirudi." Akaitikia kwa kichwa. Niliona ameitikia. Nikavaa buibui langu, nikatoka mbio.

Njiani nilikuwa nikijisemea kwamba Nuru yuko kwa jirani, yuko salama, keshokutwa tutamwona anashuka uwanja wa ndege. Nakwambia ukweli, nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa nikipanga tutamlaza chumba gani. Rafiki yangu akaniuliza mbona nahema, nikamwambia nina kazi ya mtu. Sikukaa hata kunywa maji.

Niliporudi, Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha simu, mkono bado uko juu ya simu.

"Nimezungumza na mumewe," akasema.

Sikumwelewa. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ya kibinadamu. Nimemwambia mke wako ametuletea habari kwamba ametoka kwako. Basi mtafute, mrudishe kwa wema, na mimi nitazungumza naye. Mtu mzima nimejishusha nikamwomba radhi kwa niaba ya mwanangu." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ameshangaa. Ameniambia mbona Nuru yuko jikoni anapika."

Nikasimama pale na hedfoni mkononi. Yuko jikoni anapika. Kichwa changu kilikataa kuyaunganisha maneno yale. Mtu ametoka kwa mumewe, naye yuko jikoni kwa mumewe anapika?

Sauti zetu zilikuwa zimepanda, na mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa. Bibi akatoka amejifunga leso kichwani, anajishika ukutani. "Nuru ana nini? Msinifiche."

Baba akajaribu kusema si kitu. Bibi hakumtazama hata. Alinitazama mimi, nami sikuweza kumdanganya. Nikamweleza kwamba Nuru ametuma sauti, wufa limeimeza, na tulichosikia ni kwamba ametoka kwa mumewe. Bibi akakaa kwenye kiti cha Baba, mbele ya ile skrini, akasema, "Nipa na mimi nisikize."

Nikachomeka hedfoni kwenye tundu la kijani. Nikalegeza leso ya Bibi kidogo, nikamvika. Zilikuwa kubwa kuliko kichwa chake. Nikabonyeza. Akafumba macho.

Alisikiliza hadi mwisho bila kutikisika. Akaniashiria nirudie. Alisikiliza tena. Kisha machozi yakaanza kumtoka, yanashuka taratibu, na midomo yake inafuata maneno ya Nuru. Alipozivua, alizishika mapajani kwa mikono miwili.

"Hakusema ametoka," akasema. "Amesema ame*toka*."

Kwangu mimi na kwako, hayo ni maneno yale yale. Nikamwambia, "Bibi, si ndivyo tulivyosikia?"

"Sivyo. Sikiza ulimi wangu." Akalitamka mara ya kwanza, akalitamka mara ya pili. Mara moja ulimi uligusa meno, na mara nyingine uligusa juu yake kidogo, kwenye ufizi. Moja ni kutoka, ya mtu kuondoka mahali. Nyingine ndiyo ile ambayo nyinyi na mimi wa skuli twasema kuchoka. Kwa Bibi, na kwa Nuru aliyelelewa na Bibi, kuchoka hakuna ch. Ni kama mato na macho. Anayelijua neno huisikia tofauti yake papo hapo, hata usingizini. Lakini tofauti hiyo iko kwenye ncha ya ulimi, ni kitu chembamba mno, na wufa halijui vitu vyembamba. Baba naye alizaliwa na ulimi ule, angeisikia kama sauti ingekuwa safi. Mimi, mwanangu, hata kwa hedfoni nisingeisikia. Nilikuwa nimesomeshwa nikaipoteza.

"Asema, Baba, kwa huyu bwana nimechoka," Bibi akaendelea, sasa akinifasiria mimi kwa Kiswahili changu. "Asema, ndooni mnitwae, yaani njooni mnichukue. Kisha asema, nawaombani, asijue kuwa nimesema. Asijue. Amelisema hilo mara mbili."

Nje muuza kahawa alipita anagonga vikombe vyake. Nilimtazama Baba, na nilitamani nisingemtazama.

"Mama," akasema, "masikio yako ni ya mtu mzima. Huenda hukusikia vizuri."

"Vaa wewe usikize."

Akakataa. Alizitazama zile hedfoni kama mtu aliyewekewa nyoka mapajani, akatikisa kichwa, akasema wufa limesema ametoka na yeye amesikia kwa masikio yake. Bibi hakupandisha sauti. Alimwambia maneno ambayo hadi leo sijasikia makali zaidi kutoka kwa mzazi. "Abdalla, umehukumu kwa ngurumo. Mimi nilikuwa chumba cha pili, mlango haukufungwa kwa ufunguo. Umemwamini mtu wa simu kabla ya kuniamini mimi niliyemfundisha mtoto yule kusema. Mtoto amekuomba sitara, nawe umemsitiri kwa watu wa mtaani ukamfichua kwa mtu mmoja tu aliyekuwa akimkimbia."

Sikuweza kukaa na wale watu wawili. Nikarudi chini ya meza. Sijui kama nilikuwa na nia ya kumlazimisha Baba asikie, au nilikuwa nataka tu mikono yangu ipate cha kufanya. Nikatoa betri ya tochi, nikazichomoa nyaya za zile spika ndogo nyuma ya wufa, nikaigusisha betri kwenye ncha zake. Spika nzima ikiguswa hivyo hutoa kijisauti, tak. Hazikutoa. Nikaufungua mgongo wa spika moja kwa bisibisi, nikagusa pale pale waya unapoingia. Tak. Spika ilikuwa nzima. Kilichokufa ni waya. Nikauchuna kwa wembe kidogo kidogo, na ndani ya ngozi yake nzuri ya plastiki shaba ilikuwa imegeuka kijani na kuwa ungaunga. Maji ya chokaa yaliingia, chumvi ya hewa ya bahari ikamalizia. Wa pili nao vile vile. Na mimi nilikuwa nimezikagua asubuhi kwa macho, nikasema nzima.

Nikakata waya wa taa ya zamani, nikaufunga badala yake, nikarudisha spika mezani. Sikumwuliza mtu ruhusa. Nikabonyeza.

Sauti ya Nuru ikajaa sebule. Ilikuwa safi, mwanangu, safi kana kwamba amekaa hapo ulipokaa wewe. Ilisikika pumzi yake, ilisikika jirani akikohoa nyuma yake. "Asalaam aleikum, Baba. Bibi hajambo? Rukia hajambo?" Halafu likaja lile neno, kwa ulimi wa Bibi. Baba alilisikia. Nilimwona akilisikia. Alishika ukingo wa meza, na sauti ikaendelea, ndooni mnitwae, asijue kuwa nimesema, nawaombani, asijue.

Baba aliinuka akaenda kwenye simu kumpigia tena mumewe Nuru. Ilikuwa inaita hadi inakatika. Alipiga hadi adhana ya alasiri, akaswali, akarudi akapiga tena. Kesho yake simu ile haikuita kabisa. Akawaandikia jamaa walioko kule, wakamjibu kwa adabu kwamba mambo ya mtu na mkewe yana faragha yake na kwamba bwana yule amehamia mji mwingine na familia yake. Yule jirani Mzanzibari alituma ujumbe mmoja tu kwamba Nuru hayuko tena na yeye ameambiwa asijihusishe. Baba alianza kutafuta pasi ya kusafiria, akauza kipande chake cha shamba, akaenda. Alirudi bila kumwona. Hakusema alikokwenda wala nani alimfungia mlango, na sisi hatukumwuliza.

Bibi hakuumaliza mwaka. Baba aliishi zaidi, lakini sikumbuki kumwona akicheka. Alikuwa akiniambia, "Rukia, ungechelewa kidogo tu kwenda, nisingekuwa peke yangu na ile simu," na mimi nilijua hanilaumu mimi, anatafuta tu mahali pa kuuweka mzigo. Alikufa akimngojea.

Nuru alirudi tukiwa tumeshawazika wote wawili. Alirudi na talaka na begi moja, na watoto wake wawili wamebaki kwa baba yao, kwa sheria ya kule au kwa nguvu, sijui. Ndiye Mama Mkubwa wako anayekaa ghorofani. Wewe na wenzako mmewahi kuniuliza mbona anaongea kama mtangazaji wa redio, neno kwa neno, kila herufi mahali pake. Nchi. Macho. Nimechoka. Siku za mwanzo nilikuwa nikimbembeleza. Nilimwambia, "Nuru, tuko wenyewe ndani, sema kama zamani, nimekikosa Kiswahili cha Bibi." Akasema, "Nataka nieleweke." Sijamwuliza tena. Ulimi wa Bibi umekufa katika nyumba hii, na hakuufisha mwingine, ni sisi.

Sina faraja ya kukupa juu ya hayo. Watu husema kila jambo lina heri yake ndani, nami nimelitafuta hili miaka yote sijaiona heri yake. Kwa hiyo nitakupa nasaha tu, na nasaha zangu ni chache.

Ukisikia habari ya mtu wako na hukuisikia vizuri, sema hujaisikia. Usiijaze mwenyewe mahali palipokatika, kwa sababu utaijaza kwa hofu yako, na hofu haijawahi kumsemea mtu ukweli. Ngoja. Hata kama moyo unataka kupasuka, ngoja sauti itengenezwe. Mtafute yule anayeujua ulimi wa msemaji, hata akiwa mzee, hata akiwa mgonjwa, hata ukidhani unamhurumia kwa kumwacha nje. Wazee hawafi kwa habari mbaya upesi kama wanavyokufa kwa kutoulizwa. Na mtu akikuletea siri, kabla ya kufanya lolote jiulize amekutaka umwambie nani, na hasa hakutaka umwambie nani. Kishindo usikitegemee, kiwe cha wufa au cha mtu mzima aliyekasirika. Maneno hayako hapo. Na ukitengeneza kitu, usikubali kwamba waya ni mzima kwa sababu ngozi yake inang'aa. Uchune uone.

Haya, inuka. Umpelekee Mama Mkubwa wako chai, ukae naye kidogo, na akikwambia neno usilolifahamu, mwombe alirudie.

Mwenyezi Mungu akupe masikio yenye subira, mwanangu, na ulimi usiotangulia. Akuepushe na hukumu ya nusu neno, utakayoitoa na utakayotolewa. Na siku wewe utakapochoka, ukiwa mbali na sisi tumeshaondoka, akujaalie awepo mtu wa kukusikia mara ya kwanza. Amin.